Jina la Baybars: Asili Yake na Maana Yake, na Hukumu ya Majina Yasiyo ya Kiarabu

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adamu majina ya vitu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Haki ya kwanza ya mtoto juu ya baba yake, kabla mtoto hajaweza kusema neno, ni kuchaguliwa jina jema. Katika madhehebu ya Imamu Shafii ni sunna mtoto apewe jina siku ya saba, na siku hiyo achinjiwe akika, mbuzi wawili kwa mwana mwanamume na mmoja kwa mwana mwanamke. Na kumpa jina siku ile ile ya kuzaliwa pia kumepokewa. Jina hilo ataitwa nalo maisha yake yote, litatajwa siku ya kuozwa kwake, na litatajwa siku ya kugawanywa mirathi yake. Kwa hiyo si jambo dogo.

Juu ya uwanda wa Makonde, kutoka Newala na Makote hata miteremko ya Masasi, jambo hili limekuwa na uzito wa peke yake. Uislamu ulienea sana huko katika miaka iliyofuata vita vya Maji Maji (1905–1907), na tena baada ya vita vikuu vya 1914–1918, ukipandishwa na wafanya biashara na walimu waliotoka Lindi na Mikindani, na kwa zikri za watu wa tarika. Mmakonde, Mmakua au Myao aliyesilimu alitamka shahada, kisha akaitwa kwa jina jipya la Kiarabu. Huo ni mwendo mwema. Lakini wako walioambiwa zaidi ya hayo: kwamba jina la zamani ni jina la ukafiri, na kwamba hata jina la baba lisitajwe tena. Wako na watu wa pwani ambao wakisikia jina la bara hucheka, wakadhani ya kuwa jina la Kiislamu ni jina la Kiarabu tu.

Ili mas-ala haya yafahamike, waraka huu umechukua jina moja lisilosikiwa sana katika Afrika ya Mashariki, nalo ni jina la Kituruki, Baybars. Aliyekuwa nalo hakulibadili aliposilimu, wala alipokuwa mtumwa, wala alipokuwa Sultani. Na Waislamu walimuombea dua juu ya mimbari kwa jina hilo.

FASILI YA KWANZA: Asili ya jina na maana yake

Waturuki ni mataifa mengi yenye lugha za ukoo mmoja, na makao yao ya zamani ni nyika za baridi za Asia ya kati. Walipoingia katika Uislamu na kushika ufalme, mwanachuoni mmoja wao, Mahmud wa Kashghar, aliandika kamusi ya lugha zao kwa Kiarabu. Aliianza katika mwaka 1072 (464 Hijria) katika mji wa Baghdad, akaiita Diwanu Lughati t-Turk, ili Waarabu wapate kuijua lugha ya watu hao.

Jina Baybars limeundwa kwa maneno mawili. Neno la kwanza, bay, maana yake ni tajiri, mtu mwenye mali na heshima katika watu wake. Neno la pili, bars, ni mnyama mkali wa jamii ya chui. Yakiunganishwa, maana ni Chui Mkuu, au Chui mwenye cheo. Neno hilo bars lilikuwa pia jina la mwaka, kwani Waturuki wa zamani walihesabu miaka kwa mzunguko wa wanyama 12, na mwaka wa tatu katika mzunguko ni mwaka wa bars. Mtu wa pwani hatastaajabu kwa hayo, maana Juma na Khamisi ni majina ya siku, na Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni majina ya miezi.

Wala jina hili si la peke yake. Waturuki humwita mtoto Arslan, na maana yake ni simba. Humwita Timur, na maana yake ni chuma. Humwita Toghan, na maana yake ni ndege wa kuwindia. Makusudio yao ni kumtakia mtoto nguvu na ushujaa.

Waarabu nao walikuwa na desturi hiyo hiyo. Asad na Usama ni majina ya simba. Fahd ni mnyama wa jamii ya chui. Kilab, ambaye ni katika babu za Mtume (s.a.w.), jina lake limetokana na mbwa. Na liko jina Namir, na maana yake ni chui hasa. Basi Mwarabu aitwaye Namir na Mturuki aitwaye Baybars wameitwa kwa mnyama mmoja. Lililotofautiana ni ulimi.

FASILI YA PILI: Maneno ya Kituruki katika nchi hizi

Asidhani msomaji ya kuwa lugha ya Kituruki haijapata kufika huku. Katika miaka ya 1580 na zaidi alikuja katika pwani ya Afrika ya Mashariki nahodha wa dola ya Uthmaniya, Amir Ali Bey, akapigana na Wareno, na mwaka 1589 alikamatwa Mombasa. Katika jina lake, Amir na Ali ni Kiarabu, na Bey ni Kituruki, maana yake mkuu wa watu. Nalo ni neno jingine, si lile bay la utajiri.

Kisha mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliunda jeshi la kupigana na watu wa pwani walioongozwa na Abushiri bin Salim, akaajiri askari wengi wa Kisudani kutoka Misri. Misri ilikuwa nchi ya dola ya Uthmaniya, na vyeo vya jeshi lake vilikuwa vya Kituruki. Basi askari wale wakaja na vyeo vyao. Wazee wa kusini waliyajua sana maneno ombasha na shaushi. Ombasha asili yake ni on, yaani kumi, na bash, yaani kichwa: mkuu wa watu kumi. Ama shaushi, Mahmud wa Kashghar amelieleza katika kamusi yake ya kuwa ni mtu anayezinyosha safu wakati wa vita, na wakati usio wa vita huwazuia askari wasidhulumu watu. Hiyo ndiyo asili ya cheo kile. Na kila mzee aliyemwona shaushi wa zamani za Wajerumani aliweza kupima mwenyewe kama jina na kitendo vilikwenda pamoja. Na neno afande, linalosemwa hata leo, limetoka katika Kituruki vile vile, na Waturuki nao walilipata kwa Wayunani.

Mwezi wa Novemba 1917 jeshi hilo la Wajerumani lilirudi nyuma likipita katika uwanda wa Makonde, na tarehe 25 ya mwezi huo likavuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Basi maneno haya ya Kituruki yalitamkwa njiani Masasi na Newala na watu wasiojua ya kuwa ni ya Kituruki. Kwa hiyo mwenye kudhani ya kuwa neno la kigeni likiisha kuzoeleka ni la Kiarabu, au ni la dini, atakosea. Neno hujulikana kwa asili yake na maana yake, si kwa mazoea ya masikio.

FASILI YA TATU: Aliyejulikana kwa jina hilo

Baybars alizaliwa katika kabila la Wakipchaki, Waturuki wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, katika zamani ambazo Wamongoli walikuwa wakiteketeza nchi hizo. Alikamatwa angali kijana, akauzwa utumwani katika nchi za Sham. Imesimuliwa katika tarehe ya kwamba thamani yake ilipungua kwa sababu ya ila katika jicho lake. Alinunuliwa na amiri aitwaye Aydakin al-Bunduqdar, ndiyo sababu Baybars naye aliitwa al-Bunduqdari. Kisha akaingia katika jeshi la mfalme wa Misri, al-Malik al-Salih Ayyub.

Mwaka 1258 Wamongoli waliingia Baghdad, wakaiharibu, wakamwua Khalifa al-Mustasim. Watu wengi walidhani ya kuwa Uislamu umekwisha katika nchi zile. Lakini tarehe 3 Septemba 1260, mwezi 25 Ramadhani 658, jeshi la Misri chini ya Sultani Qutuz lilikutana na Wamongoli mahali panapoitwa Ain Jalut, katika nchi ya Palestina, na Wamongoli wakashindwa. Baybars alikuwa katika wakuu wa jeshi hilo. Mwaka ule ule Qutuz aliuawa njiani akirudi Misri, na Baybars alikuwa miongoni mwa waliomwua, kisha akakaa yeye katika kiti. Jambo hili halifichiki, wala jina jema halimtakasi mtu na damu.

Alitawala miaka 17, tangu 1260 mpaka 1277. Mwaka 1261 alimsimamisha Khalifa wa ukoo wa Abbas katika mji wa Kairo, na mwaka 1265 aliweka makadhi wakuu wanne, kila mmoja kwa madhehebu yake: Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali. Laqabu zake zilikuwa za Kiarabu, al-Malik al-Zahir na Ruknu d-Din, yaani nguzo ya dini. Lakini jina lake mwenyewe lilibaki Baybars. Na alama yake ilikuwa ni mnyama wa jamii ya chui na simba, akamchonga katika mawe ya majengo yake, kama vile daraja lililojengwa karibu na mji wa Lydda mwaka 1273. Basi maana ya jina lake ilikuwa ikijulikana, haikusahauliwa.

Katika zama hizo hizo alikuwako Damascus Imamu Nawawi, mwenye kitabu cha Minhaj kinachotegemewa na Mashafii wote, na watu wa pwani ni katika hao. Yeye na Baybars walikufa mwaka mmoja, 676 Hijria, nao ni 1277. Imamu Nawawi hakumwogopa Sultani: alimwandikia barua kumkataza asichukue mali za raia kwa dhulma. Neno lake lilikuwa juu ya mali za watu. Halikuwa juu ya jina. Na mwanachuoni aliyethubutu kumkabili Sultani kwa lile lililo kubwa asingeshindwa kumkabili kwa jina lake lau lingekuwa haramu.

FASILI YA NNE: Jee, jina huwa jema kwa kuwa ni la Kiarabu?

Wanavyuoni wametaja majina mengi ambayo Mtume (s.a.w.) aliyabadili. Mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa ain na swadi, yaani mwenye kuasi, alimwita Jamila. Aliyeitwa Barra, kwa kuwa ndani yake mna kujisifu kwa wema, alimwita Zainabu. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani mgumu, alimtaka aitwe Sahl, yaani mwepesi. Yule akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisimulia ya kuwa ugumu ule ulibaki katika ukoo wao. Na yako majina manne, Aflah, Rabah, Yasar na Nafi, ambayo alikataza kupewa watumishi, kwa sababu mtu akiuliza kama Rabah, yaani faida, yupo ndani, naye hayupo, hujibiwa kwamba hayupo, na hilo ni neno la mkosi.

Na atazame msomaji: majina hayo yote ni ya Kiarabu safi. Abdu Shams na Abdul Uzza pia ni Kiarabu safi, nayo ni majina ya shirki yaliyo haramu. Basi Kiarabu hakikuyasalimisha.

Na upande wa pili, Umar, Uthman, Hamza na Khalid ni majina waliyopewa na wazazi wao katika zama za ujahili, kabla ya Uislamu. Waliposilimu hawakubadilishwa majina, kwa kuwa maana zake hazina ubaya. Jina halikuharibika kwa kuwa aliyelitoa hakuwa Muislamu.

Tena, majina ya Mitume yanayotajwa katika Kurani mengi si ya Kiarabu kwa asili. Kila aliyesoma Ajurumiya na sherehe zake anajua ya kuwa Ibrahim, Ismail, Is-haka, Yaakub na Yusuf hayaingiwi na tanwini, na sababu yake wameitaja wanavyuoni wa nahau: ni majina ya watu, tena ni ya kiajemi, yaani yasiyo ya Kiarabu. Wamesema ya kuwa majina ya Mitume yanayokubali tanwini ni sita, nayo ni Muhammad, Salih, Shuaib, Hud, Nuh na Lut. Na Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe kwa Bibi Maria, alimwita Ibrahim. Basi mwenye kusema ya kuwa jina lisilo la Kiarabu si la Kiislamu, ajue ya kuwa sarufi ya Kiarabu yenyewe inamkanusha.

Iko dalili nyingine iliyo wazi. Imepokewa katika hadithi sahihi ya kuwa jina linalochukiwa mno mbele ya Mwenyezi Mungu ni la mtu aitwaye Malikul Amlak, yaani mfalme wa wafalme. Sufyan bin Uyaina, katika wapokezi wa hadithi hiyo, ameifasiri kwa kusema ya kuwa ni kama Shahan Shah. Na Shahan Shah ni lugha ya Uajemi. Kwa hivyo Sufyan ametufahamisha ya kuwa hukumu hushikamana na maana, na maana ikivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, hukumu nayo huvuka pamoja nayo. Likiwa jina baya la Kiarabu hubaki baya likigeuzwa Kiajemi, basi jina jema la Kiarabu hubaki jema likigeuzwa Kituruki, au Kiswahili, au Kimakonde.

Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratu r-Rum ya kuwa kutofautiana kwa ndimi za watu na rangi zao ni katika ishara zake. Na katika Suratul Hujurat amekataza watu wasidharauliane wala wasiitane kwa majina ya kuudhi. Basi mwenye kulicheka jina la nduguye Muislamu kwa kuwa ni la Kiyao au la Kimakua amejitia katika makatazo mawili: ameidharau ishara, na amemuudhi ndugu.

FASILI YA TANO: Jina la baba halifutwi

Jina la mtu mwenyewe laweza kubadilishwa. Jina la baba yake ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi walipoteleza.

Zaid bin Haritha (r.a.) alitekwa angali mtoto, akauzwa katika soko la Ukadhi, akamfikia Bibi Khadija, naye akampa Mtume (s.a.w.). Mtume alimwacha huru na akamfanya kama mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Hapana nasaba duniani iliyo tukufu kuliko hiyo. Hata hivyo ikateremka aya katika Suratul Ahzab kuamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwamba hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Lau ingefaa mtu avuliwe jina la baba yake ili apewe lililo bora, Zaid angeachwa na lile la kwanza.

Wala ukafiri wa baba hauondoi jina lake. Khalid (r.a.) ni bin al-Walid, na al-Walid alikuwa adui wa Uislamu mpaka kufa kwake. Ikrima (r.a.) ni mwana wa Abu Jahl, na nasaba yake haikufutwa. Na katika nasaba ya Mtume mwenyewe, inayohifadhiwa na watoto vyuoni, yumo Abdu Manafi, na Manafi ni jina la sanamu. Hapana aliyelifuta jina hilo wala kuliruka, maana nasaba ni khabari ya kweli, na kuibadili ni kusema uwongo.

Katika nchi hizi za kusini majina yalipotea kwa njia iliyo chungu zaidi. Katika karne ya kumi na tisa watu wengi wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde walichukuliwa utumwani, wakapelekwa Kilwa na Unguja na ng'ambo. Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa akiwa na umri wa miaka kama 12, akafikishwa Bara Hindi, kisha akarejea Afrika, akawa kiongozi wa safari za Speke na Burton na wasafiri wengine, akafariki mwaka 1885. Vitabu vya safari vimemtaja mara nyingi; lakini dunia inamjua kwa Mubarak, jina la Kiarabu, na kwa Bombay, jina la mji. Jina aliloitwa na mama yake halikushikwa na vitabu hivyo.

Baybars aliuzwa, na Bombay aliuzwa. Mmoja alibaki na jina lake mpaka likasomwa juu ya mimbari za Misri na Sham. Wa pili alivikwa jina la soko. Si kwa sababu Kituruki ni bora kuliko Kiyao, bali ni kwa sababu waliomnunua wa kwanza walijua lugha yake na kuiheshimu, na waliomnunua wa pili hawakujali kuuliza. Basi haielekei Muislamu, ambaye dini yake imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada, akamilishe kwa ulimi wake kile kilichoanzwa na mfanya biashara wa watumwa.

MAS-ALA

Suala: Jee, yafaa Muislamu amwite mwanawe Baybars?

Jawabu: Yafaa, wala si sunna. Majina yanayopendeza mno mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurrahman, kama ilivyo katika hadithi sahihi, kisha majina ya Mitume na watu wema. Tena ni bora mtoto apewe jina ambalo watu wake watajua maana yake na kuweza kulitamka. Na mtu aitwaye Simba kwa Kiswahili, au Lisimba kwa Kiyao, hukumu yake ni hukumu ya Usama na ya Arslan: hapana ubaya.

Suala: Mtu amesilimu, na jina lake ni la Kimakonde lenye maana njema. Jee, Uislamu wake hautimii mpaka alibadili?

Jawabu: Umetimia kwa shahada. Kubadili jina si nguzo wala si shuruti. Akipenda kuongeza jina la Kiarabu, ni vema. Lakini likiwa jina lake lina maana ya kumtumikia mzimu, au ni tusi, alibadili.

Suala: Kijana wa Kiyao au wa Kimakonde hupewa jina jipya akitoka jandoni. Jee, alikubali?

Jawabu: Tohara ni wajibu katika madhehebu ya Shafii, na jina lile jipya hutazamwa maana yake kama majina yote. Likiwa jema, ataitwa nalo pamoja na jina lake la kwanza. Likiwa ni la matusi, au limefungamana na kuomba mizimu, asilitumie.

Suala: Nini hukumu ya majina kama Taabu, Mashaka na Majuto?

Jawabu: Ni katika mlango wa Hazn. Yachukiza, na ni bora yabadilishwe, ingawa hakuna anayeyaita majina ya ukafiri. Baba aliyezaliwa mtoto katika siku za dhiki asimtwike mtoto dhiki ile maisha yake yote.

Suala: Mtu baba yake hakusilimu, naye ameandikwa bin Abdallah. Afanyeje?

Jawabu: Arudishe jina la baba yake. Ni kweli ya kuwa Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani, lakini nasaba haikukatika. Tuseme ndugu wawili wa baba mmoja wamesilimu, mmoja Newala na mmoja Lindi. Wa Newala ameandikwa kwa jina la baba yao, na wa Lindi ameandikwa bin Abdallah. Akifa mmoja wao bila ya mtoto, huyu wa pili ndiye mrithi. Atakapokwenda kwa kadhi, atathibitishaje ya kuwa marehemu ni nduguye, na hati zao zinasema ya kuwa baba zao ni mbalimbali? Na watoto wao watakapokuwa wakubwa, nani atajua ya kuwa ni watoto wa ndugu wawili, na ya kuwa wako ambao ni maharimu zao? Mwalimu aliyeandika bin Abdallah alidhani amemtukuza yule mtu, naye amemvunjia haki zake na haki za wengine.

KHATIMA

Yaliyotangulia yanakusanywa katika mambo matatu. La kwanza, jina hupimwa kwa maana yake, si kwa lugha yake. La pili, jina lenye maana mbaya hubadilishwa hata likiwa la Kiarabu, na jina lenye maana njema huachwa hata likiwa la Kituruki au la Kimakonde. La tatu, jina la baba halibadilishwi kwa hali yoyote.

Basi mtu wa pwani anayepanda Newala au Masasi, akikutana na Muislamu aitwaye kwa jina asilolijua, amwulize maana yake kwa adabu, kama Mahmud wa Kashghar alivyowafunulia Waarabu maana za maneno ya kwao. Huenda akakuta ya kuwa jina lile, kwa lugha nyingine, ni jina la babu yake mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wa billahi ttaufiki.